Chunguza Kadi ya Mtandao Kabla ya Kumshuku Mtu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imebandikwa katika kuta za maduka mengi, na wafanyabiashara wengi wameirithi kutoka kwa wazazi wao pamoja na mizani na kabati la fedha. Lakini siku hizi daftari la biashara ndogo nyingi si kitabu tena. Ni kompyuta moja iliyowekwa pembeni mwa ofisi, ambayo huitwa seva, na ambayo kompyuta nyingine zote za dukani huisomea na kuiandikia. Mwenye mali aliyezoea kukifunga kitabu chake kabatini sasa hana budi kujua kwamba daftari lake jipya aghalabu lina mlango mmoja tu, na mlango huo ni kipande kidogo kinachoitwa kadi ya mtandao.

Mlango huo ukiharibika kabisa, kila mtu huona, kazi husimama, na fundi huitwa siku hiyo hiyo. Ukiharibika nusunusu, ndipo balaa huanza. Leo unafunguka, kesho unakwama, keshokutwa unafunguka tena. Mali hupotea katika hesabu, habari hupotea pamoja nayo, na watu wa nyumba moja huanza kutazamana kwa macho mabaya.

Kuibadili kadi yenyewe ni kazi ya dakika ishirini, na fundi kijana huweza kuifanya vizuri. Kazi kubwa iko kabla na baada ya dakika hizo: kwanza, kuthibitisha kwamba kadi ndiyo yenye kosa, wala si kitu kingine wala mtu mwingine, pili, kuhakikisha kwamba kadi mpya imerithi kila kilichokuwa cha ile ya zamani. Anayeziruka kazi hizi mbili hununua kadi bure na hubaki na ugonjwa wake.

Kadi hiyo ni kitu gani

Kadi ya mtandao ni kibao chembamba, aghalabu kisichozidi kiganja cha mkono, kinachochomekwa ndani ya kasha la kompyuta. Upande mmoja kina safu ya meno yenye rangi ya dhahabu yanayoingia katika ubao mama. Upande wa pili kina tundu linalopokea kebo. Katika kompyuta nyingi za leo kadi haionekani peke yake, kwa kuwa vipande vyake vimeunganishwa katika ubao mama tangu kiwandani, na kinachoonekana nje ni tundu lake tu.

Njia hii ya kuunganisha kompyuta kwa kebo huitwa Ethernet. Ilianza mwaka 1973 katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, Marekani, kwa kazi ya Robert Metcalfe na David Boggs, na mwaka 1983 kanuni zake zilipitishwa ili viwanda vyote vizifuate. Ndiyo maana kadi iliyotengenezwa na kiwanda kimoja huzungumza bila shida na swichi iliyotengenezwa na kiwanda kingine. Kila kadi hupewa kiwandani anwani yake yenyewe, yenye tarakimu na herufi kumi na mbili zilizopangwa mbili mbili; jozi tatu za mwanzo humtambulisha mtengenezaji, na tatu za mwisho huitambulisha kadi. Msomaji na aikumbuke anwani hii, kwa maana ndiyo itakayoleta mashaka baadaye.

Habari inayopita katika kebo haiendi kama maji katika bomba. Hukatwa vipande vipande, na kila kipande hubeba mwishoni mwake hesabu ya kuhakiki. Upande unaopokea huirudia hesabu hiyo. Ikiwa haipatani, kipande hutupwa kimyakimya, bila mtu yeyote kuambiwa. Kompyuta zenyewe hugundua kwamba kipande hakikufika, nazo hukituma tena. Kwa sababu hiyo kadi mgonjwa kwa kawaida haiandiki 500 mahali palipouzwa 5,000. Kosa lake ni jingine: huchelewesha, hurudiarudia, na mara nyingine huyakata mazungumzo katikati.

Nyumba iliyokaribia kuvunjika

Ichukuliwe mfano wa duka la jumla katika mji wa Bukavu, linalouza sukari, unga, sabuni na mafuta ya kula. Mwenye duka ni mama mjane. Keshia ni binti yake wa kwanza. Na mtunza ghala ni kijana wa marehemu kaka yake, aliyelelewa katika nyumba hiyo tangu utotoni. Duka lina kompyuta nne na seva moja. Keshia anapouza, risiti hutoka katika printa iliyo mbele yake, na papo hapo mauzo huandikwa katika daftari lililomo ndani ya seva, na idadi ya mifuko iliyobaki ghalani hupunguzwa.

Mwisho wa mwezi mali ilihesabiwa. Daftari lilisema ghalani pana mifuko 212 ya sukari. Mikono ilihesabu 203. Sabuni nazo zilipungua katoni sita. Mwezi wa pili mambo yakawa yale yale. Mama hakusema neno, lakini aliacha kumkabidhi kijana funguo za ghala jioni. Kijana naye hakuuliza, lakini alianza kula chakula chake mapema, ili asikae mezani na shangazi yake. Nyumba ilikuwa imeingiwa na ufa, na hakuna aliyethubutu kuutaja.

Jambo moja tu halikupatana na wizi. Jioni nyingi keshia alibaki na fedha zilizozidi hesabu. Hakuzificha, alizitia katika bahasha na kuandika tarehe juu yake, akidhani kwamba ni chenji walizosahau wateja. Fundi aliyeitwa kwa sababu nyingine, yaani kompyuta kuwa nzito asubuhi, ndiye aliyeona maana ya bahasha ile.

"Mama," alisema, "mwizi huondoka na mali na fedha yake pia. Hapa mali imetoka, lakini fedha zimelala katika bahasha. Naomba siku mbili kabla hujasema neno lolote na kijana."

Katika siku mbili hizo aliweka mezani mashahidi watatu. Wa kwanza ni bahasha za keshia. Wa pili ni nakala za risiti, ambazo kila moja ilikuwa na tarehe na saa. Wa tatu ni kumbukumbu ambazo seva yenyewe huandika bila kuambiwa, na ambazo mle dukani hakuna aliyepata kuzifungua. Risiti zisizokuwa na alama yoyote katika daftari zilikuwa zimetolewa katika dakika zile zile ambazo seva iliandika kwamba imekatika mtandao na kuunganishwa tena. Fedha za bahasha zikajumlishwa, zikalingana na bei ya mali iliyokosekana. Risiti ilikuwa imetoka, fedha zimepokewa, mfuko umebebwa na mteja. Ila mstari wa daftari ulipotea mlangoni.

Yafaa ielezwe kwamba kosa halikuwa la mlango peke yake. Programu njema ya biashara haipaswi kutoa risiti kabla seva haijajibu kwamba mauzo yameandikwa. Lakini maduka mengi hutumia programu za zamani ambazo kila kompyuta hulifungua faili la daftari kupitia mtandao na kuliandika moja kwa moja. Programu za namna hiyo huenda salama mtandao ukiwa imara, na huharibika vibaya mtandao unapokatika katikati ya kuandika.

Dalili za kadi inayougua

Kadi inayougua huonyesha dalili zake kabla ya kufa. Taa ndogo iliyo kando ya tundu la kebo huzimika na kuwaka tena bila sababu. Kazi huwa nyepesi wakati wa baridi ya asubuhi na nzito kasha linapopata joto, au kinyume chake. Faili kubwa huanza kunakiliwa kwa kasi, kisha husimama. Wafanyakazi wote hulalamika kwa wakati mmoja. Maana anayelalamika akiwa mmoja, ugonjwa huenda uko katika kompyuta yake, lakini wakilalamika wote, chanzo kiko mahali wanapokutana wote.

Ipo pia dalili ya namba. Kadi za kawaida za leo hupitisha biti milioni 1,000 kwa sekunde, nazo hutumia nyaya zote nane zilizomo ndani ya kebo. Kasi ya milioni 100 huhitaji nyaya nne tu. Kwa hiyo seva ikionyesha kwamba imeshuka kutoka 1,000 hadi 100, mara nyingi waya mmoja umekatika au kishikizo kimoja hakigusi. Dalili hii huielekea kebo kabla ya kuielekea kadi.

Kipimo cha wazi kuliko vyote ni amri iitwayo ping, ambayo hutuma kipande kidogo cha habari na kungoja kirudi. Katika mtandao mzima wa duka moja, vipande 1,000 vikitumwa vyote 1,000 hurudi, na kila kimoja hurudi kabla ya sekunde moja kugawanywa mara mia kufika sehemu yake ya kwanza. Vikikosekana kumi au ishirini, na hali nyaya ni fupi, hilo si jambo la kupuuzwa.

Mashitaka kwa utaratibu

Kama vile hakimu mwema asivyomhukumu mtu kwa uvumi, ndivyo fundi mwema asivyoihukumu kadi kwa kukisia. Sheria yake ni moja: kitu kimoja kibadilishwe kwa wakati mmoja, kisha kipimo kirudiwe. Anayebadili kebo, swichi na kadi kwa pamoja huenda akaponya ugonjwa, lakini hatajua kamwe ulikuwa wapi, na huenda akatupa vyombo viwili vizima.

Kwanza ibadilishwe kebo, kwa kuwa ndiyo ya bei ndogo na ndiyo inayoonewa zaidi. Kebo hukanyagwa, hukunjwa, husukumwa na meza, na panya huipenda. Tena haipaswi kuzidi mita 100 toka kifaa hadi kifaa. Pili, ncha ya kebo ihamishiwe tundu jingine la swichi. Tatu, mipango ya kasi itazamwe pande zote mbili. Upande mmoja ukilazimishwa kutumia kasi fulani na kusema huku unasikiliza, nao upande wa pili ukaachwa uchague wenyewe, ule wa pili huchagua kupokezana zamu. Hapo pande mbili hugongana kutwa nzima na kadi nzima huonekana kama mgonjwa. Pande zote mbili ziachwe zipatane zenyewe.

Ikiwa ugonjwa bado upo, seva izimwe na kadi itolewe. Meno yake yafutwe kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi, kilichotiwa alkoholi safi kidogo, kisha ichomekwe tena kwa uthabiti; kwa maana vumbi na unyevu wa miaka vyaweza kuzuia meno yasiguse. Ikishindikana, ichomekwe katika nafasi nyingine ya ubao mama. Ugonjwa ukiifuata kadi, kadi ndiyo yenye kosa. Ugonjwa ukibaki katika nafasi ile ya zamani, ubao mama ndio unaoumwa, na hiyo ni kesi nyingine yenye gharama nyingine.

Katika duka la Bukavu kebo ilibadilishwa, na makosa yakaendelea. Tundu la swichi likabadilishwa, na makosa yakaendelea. Kadi ikahamishwa nafasi, na makosa yakahama nayo. Hapo ndipo mama alipoambiwa anunue kadi mpya, wala si kabla ya hapo.

Kabla ya kasha kufunguliwa

Daftari zima na linakiliwe katika diski ya nje, na nakala ile ifunguliwe katika kompyuta nyingine ili ionekane kwamba inasomeka. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu.

Baada ya hapo yaandikwe katika karatasi, au yapigwe picha kwa simu, mambo haya: namba ya seva katika mtandao pamoja na namba zinazofuatana nayo, namba ya ruta, namba za huduma inayotafsiri majina, jina ambalo mfumo umeipa kadi ya zamani, na ile anwani ya kiwandani yenye tarakimu na herufi kumi na mbili. Karatasi hiyo isiwekwe ndani ya seva yenyewe. Mafundi wengi wameiweka humo, kisha wakashindwa kuifikia walipoihitaji.

Programu endeshi ya kadi mpya ipatikane mapema na kuwekwa katika fleshi. Hili hudharauliwa, lakini sababu yake ni nyepesi kueleweka: seva isiyo na kadi inayofanya kazi haiwezi kuingia katika intaneti kutafuta programu ya kuifanyia kazi kadi yake. Kwa sababu iyo hiyo kazi hii haifanywi kwa mbali. Fundi hana budi kuwa na skrini na kibodi vilivyounganishwa na seva, na neno la siri la kuingilia papo hapo bila kupitia mtandao.

Katika kununua, itazamwe kwanza aina ya nafasi iliyomo katika ubao mama. Kadi nyingi za sasa ni za mfumo wa PCI Express, na kadi yenye meno mafupi huingia salama katika nafasi ndefu ya mfumo huo. Utazamwe pia urefu wa bati la kufungia, kwani kasha jembamba halipokei bati refu. Iulizwe kama mtengenezaji ametoa programu endeshi kwa mfumo ule ule unaotumiwa na seva. Nayo kadi yenye jina kubwa kwa bei ya ajabu itiliwe shaka. Zipo kadi za kuigwa sokoni, na rahisi huwa ghali.

Siku ya kubadili

Kazi na ifanywe baada ya duka kufungwa na hesabu ya siku kukamilika, wala si wakati wa chakula cha mchana huku wateja wakingoja. Seva izimwe kwa utaratibu wake, si kwa kung'oa waya. Kisha waya wa umeme uchomolewe, hata kama seva imeunganishwa na betri ya akiba. Kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde chache ili umeme uliobaki utoke.

Adui wa saa hiyo ni umeme tuli, ule unaotokana na msuguano wa nguo na mazulia. Mkono wa mtu hauhisi mshtuko wake mpaka ufikie karibu volti 3,000, na vipande vya kadi huweza kuumia kwa volti zilizo chini sana kuliko hizo. Yaani mtu aweza kuiua kadi mpya asihisi lolote, kisha akamlaumu muuzaji. Kwa hiyo na aguse bati tupu la kasha kabla ya kuigusa kadi, na arudie kila anapoondoka na kurudi. Kadi ishikwe kwa kingo zake, si kwa meno wala kwa vipande vyake. Itiwe katika nafasi yake kwa kuisukuma sawasawa pande zote mbili, kisha skrubu ikazwe, kwa maana kadi isiyokazwa hulegea kila kebo inapovutwa.

Ikiwa kadi mbovu ni ile iliyoungwa katika ubao mama, haing'olewi. Huzimwa katika mipango ya mwanzo ya kompyuta, ile inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka, na kadi mpya huchomekwa katika nafasi iliyo wazi.

Kadi iliyotolewa iandikwe neno "mbovu" na tarehe kwa wino usiofutika. Kadi nyingi mbovu zimerudishwa kazini na mtu mwingine aliyeziona kabatini akadhani ni za akiba.

Mgeni asiyejulikana

Seva inapowaka tena, mwenye duka hutarajia kila kitu kiwe kama jana. Mara nyingi sivyo, na hapo wengi hudhani kwamba kadi mpya nayo ni mbovu. Kosa si la kadi. Kadi mpya ina anwani yake ya kiwandani, tofauti na ile ya zamani, na wale waliozoea anwani ya zamani hawamtambui mgeni.

Ruta iliyokuwa ikiiwekea seva namba maalumu kwa kuitambua anwani ya zamani sasa huipa namba nyingine, na kompyuta za dukani huendelea kubisha katika nyumba iliyohamwa. Dawa yake ni kuandika anwani mpya katika ruta mahali pa ile ya zamani.

Katika mfumo wa Windows kadi iliyoondolewa huacha kivuli chake. Fundi akijaribu kuipa kadi mpya namba ile ile, mfumo humwonya kwamba namba hiyo imeshikwa na kadi nyingine, ingawa kadi hiyo iko mezani. Hana budi kuvionyesha vifaa vilivyofichika na kukifuta kivuli hicho. Katika matoleo mengi ya sasa ya Linux, kadi huitwa kwa jina linalotokana na nafasi ilipochomekwa. Ikichomekwa nafasi nyingine hupata jina jingine, na mipango iliyoandikwa kwa jina la zamani hukaa bila kazi mpaka jina lisahihishwe.

Zipo pia programu za hesabu ambazo leseni yake imefungwa kwa anwani ya kadi. Programu hizo hukataa kufunguka kadi ikibadilishwa, hadi muuzaji wake atoe namba mpya. Kwa hiyo muuzaji na aulizwe kabla ya siku yenyewe. Isiwe kwamba duka limefungwa Jumamosi likiwa na mtandao mgonjwa, likafunguliwa Jumatatu likiwa na mtandao mzima na daftari lililofungwa kwa kufuli.

Mwisho, swichi na kompyuta jirani huweza kuikumbuka anwani ya zamani kwa dakika chache. Fundi mwenye haraka huanza kubadili mipango iliyo sahihi katika dakika hizo, akaharibu alichotengeneza. Haraka haraka haina baraka. Angoje kidogo, au aizime swichi na kuiwasha tena.

Kupima kabla ya kushangilia

Kadi mpya ipewe mtihani ule ule uliomshinda mtangulizi wake. Vipande 1,000 vya ping vitumwe na vyote virudi. Faili la gigabaiti moja linakiliwe kutoka seva hadi kompyuta nyingine. Kwa kasi ya milioni 1,000, na diski zikiwa na nguvu ya kutosha, kazi hiyo huchukua sekunde kumi hivi. Ikichukua dakika moja na nusu, mtandao umeshuka hadi milioni 100, na kebo inafaa kutazamwa tena. Hesabu ya makosa ambayo seva huiweka isomwe siku ya kwanza, isomwe tena siku ya saba, isiwe imeongezeka.

Na ikiwa makosa yale yale yatarudi na kadi mpya, fundi asione haya kusema kwamba kadi ya zamani haikuwa na hatia. Ni bora kurudi nyuma hatua moja kuliko kununua kadi ya tatu.

Ipo kazi nyingine isiyokuwa ya fundi. Katika duka la Bukavu mauzo yaliyopotea yaliandikwa upya katika daftari, moja baada ya jingine, kwa kufuata nakala za risiti, na fedha za bahasha zikaingizwa kabatini. Daftari na ghala vikapatana. Ndipo mama alipomwita mtoto wa kaka yake mbele ya binti zake, akamweleza wazi alichokuwa amekidhani, akamwomba radhi, na kumrudishia funguo. Kadi mpya isingeweza kuifanya kazi hiyo. Shaka iliyokaa kimya miezi miwili haiondoki kwa sababu tu chanzo chake kimeondolewa kwenye kasha. Huondolewa kwa neno linalosemwa na yule aliyeshuku.

Radi, joto na vumbi

Kadi nyingi haziishi miaka yake yote kwa sababu ya mambo yanayoweza kuzuiwa, na katika nchi za Maziwa Makuu la kwanza ni radi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia vipimo vya setilaiti, ulionyesha kwamba sehemu ya milima iliyo magharibi mwa Ziwa Kivu hupata miale ya radi zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Katika dunia nzima ilishindwa na Ziwa Maracaibo la Venezuela peke yake.

Radi haihitaji kulipiga duka ili iue kadi. Ikipiga karibu, umeme huamka wenyewe katika nyaya ndefu za shaba, na kebo iliyovutwa nje toka dukani hadi ghalani huubeba mpaka ndani ya seva. Wakati mwingine kadi hufa papo hapo. Wakati mwingine hujeruhiwa tu, ikaishi miezi ikiugua. Kwa hiyo kati ya jengo na jengo ni vyema kutumia kebo ya nyuzi za kioo, ambayo hupitisha mwanga na haipitishi umeme. Asiyeweza gharama yake na aichomoe kebo ya nje wingu linapotanda, kabla ya ngurumo ya kwanza.

Joto na vumbi hufuata. Seva isiwekwe juu ya sakafu wala karibu na magunia ya unga, na matundu yake ya hewa yasizibwe kwa kitambaa cha mapambo. Kasha lifunguliwe na kupulizwa vumbi mara mbili kwa mwaka, umeme ukiwa umechomolewa.

Na kila jioni, kabla ya kufunga mlango, fedha zilizomo kabatini, nakala za risiti na daftari la seva vilinganishwe siku hiyo hiyo, wala visingojee mwisho wa mwezi. Vitatu hivyo vikipatana, mtandao ni mzima na watu ni waaminifu. Visipopatana, sababu itafutwe kesho yake asubuhi, kuanzia kwenye kebo.